Kabla Hujafunga Mizigo ya Kurudi

Ndugu wahitimu, wazazi na walezi mliokuja kuwasindikiza, walimu wetu: habari za asubuhi.

Chuo kimekwisha. Bweni linataka chumba chake. Na wengi wenu mna mahali panapowaita: pengine ndipo mlipozaliwa, pengine ni mji mlioishi miaka minne tu kabla wazazi hawajahamishwa kikazi. Mlipapenda, mmepakumbuka miaka yote ya masomo, na sasa kwa mara ya kwanza hakuna ratiba ya mtu mwingine inayowazuia kurudi. Nimeombwa niseme jinsi ya kuamua.

Wazee watakwambia mkataa kwao mtumwa. Rafiki yako atakwambia kurudi ulikotoka ni kurudi nyuma. Naomba misemo hiyo yote miwili tuiache mlangoni kwa muda, kwa sababu inawapa watu majibu kabla hawajahesabu. Anayerudi kwa hamu tupu huamini kwamba kwa kuwa anazijua barabara, basi anayajua na maisha. Anayekataa kwa aibu huogopa waseme ameshindwa. Hiyo aibu haina msingi. Mwaka 1885 Ernst Georg Ravenstein, aliyechambua takwimu za sensa za Uingereza, aliandika kwamba kila mkondo mkubwa wa watu wanaohama huzaa mkondo mwingine wa kwenda upande wa pili. Kurudi ni sehemu ya kawaida ya kuhama.

Msimamo wangu ni huu. Ulichokipenda pale ni furushi lenye vitu vitatu: mahali, watu, na umri uliokuwa nao. Mahali unaweza kuparudia. Watu, baadhi yao. Umri hautaukuta. Kazi kubwa ya uamuzi huu ni kulifungua hilo furushi uone ndani mna nini kabla hujalipa nauli.

Chukua karatasi. Andika vitu 15 unavyovikumbuka, na uviandike kwa undani wake. "Maisha yalikuwa matamu" haipimiki. "Saa kumi na mbili jioni nilijua nitawakuta wenzangu watano palepale bila kupiga simu" inapimika. Mbele ya kila mstari weka herufi: M kama kinatokana na mahali, W kama kinatokana na watu fulani, U kama kinatokana na umri na hali uliyokuwa nayo. Mstari unaweza kubeba herufi zaidi ya moja. Usifanye kwa usiku mmoja. Acha siku mbili, urudie, utakuta herufi kadhaa unataka kuzibadilisha.

Tuuchambue huo mstari wa wenzako watano. Unanukia W, sivyo? Lakini kilichowakutanisha kila jioni kilikuwa nini? Mliishi karibu, mlikuwa na saa nne za bure kila siku, na hakuna aliyekuwa na mke, mume, mtoto wala bosi. Mwaka 1950 Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha utafiti wao kuhusu wanafunzi waliooa waliokuwa wakiishi kwenye nyumba za chuo cha MIT, Marekani. Walichokikuta ni kwamba urafiki ulifuata milango: jirani wa mlango wa pili alikuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuwa rafiki kuliko mtu wa milango minne mbali, na waliokaa karibu na ngazi walijuana na wengi zaidi kwa kuwa wengi walipita pale. Kukutana mara nyingi bila kupanga ndiko kulikofanya kazi. Kwa hiyo ule mstari wako ni W kidogo na U nyingi.

Sasa wapigie simu wote watano. Uliza maswali matatu: unaishi mtaa gani sasa, unafika nyumbani saa ngapi, na mara ya mwisho kumwona mwenzetu mmoja ilikuwa lini? Hilo la tatu ndilo lenye makali. Kama wao waliobaki mji huohuo hawajaonana kwa miezi minne, usidhani wewe ndiye utakayewafufulia kikao. Watakuja usiku wa kwanza, watakukumbatia kweli, na wiki ya tatu utakuwa umekaa peke yako.

Mistari yenye M ndiyo inayostahili kuheshimiwa, ila nayo ina mtego. Mwaka 1998 David Schkade na Daniel Kahneman waliwalinganisha wanafunzi wa California na wa majimbo ya kati ya Marekani. Pande zote mbili ziliamini kwamba anayeishi California, kwenye hali ya hewa nzuri, ataridhika zaidi na maisha. Walipoulizwa kila mtu kuhusu maisha yake mwenyewe, kuridhika kwao kulikuwa karibu sawa. Ukiulizwa kuhusu mahali, unaiwazia hewa, bahari, mlima. Ukiishi hapo, siku yako inajazwa na mambo mengine: kazi, usingizi, foleni, nani amekusemesha. Jambo ambalo watu hulipa uzito mdogo mno ni urefu wa safari ya kwenda na kurudi kazini. Alois Stutzer na Bruno Frey, katika utafiti wa mwaka 2008 uliotumia takwimu za Ujerumani, walikuta kwamba wenye safari ndefu waliripoti kuridhika kwa kiwango cha chini zaidi, ingawa ungetarajia mshahara au nyumba nzuri iwafidie. Kwa hiyo mlima mnaouona dirishani uandikeni, lakini dakika za kwenda kazini ziandikeni kwa wino mzito zaidi.

Kumbukumbu nayo haihesabu siku. Mwaka 1993 Kahneman na wenzake waliwataka watu watumbukize mkono kwenye maji ya baridi ya nyuzi 14 kwa sekunde 60. Mara nyingine ilikuwa sekunde 60 zilezile kisha sekunde 30 za ziada, maji yakipashwa taratibu hadi nyuzi 15. Walipoulizwa warudie lipi, wengi walichagua lile refu, lenye maumivu mengi zaidi kwa jumla, kwa kuwa liliisha kwa nafuu. Tunakumbuka kilele na mwisho. Na mwisho wako pale ulikuwa nini? Kuagwa. Watu walikuja, walikusifu, walikupa zawadi, wengine walilia. Kila ukipakumbuka, hiyo siku ndiyo inayopaka rangi zile nyingine zote, pamoja na alasiri zisizo na idadi ulizokuwa umekaa ukichoka na kusema hapa hakuna kitu cha kufanya.

Dawa ya kumbukumbu ni kwenda kupima. Lakini kuna kwenda na kwenda. Safari ya sikukuu haikufundishi chochote: wote waliohama nao wamerudi wiki hiyohiyo, walio kazini wamepewa likizo, chakula kimeandaliwa kwa ajili yako, na hakuna ofisi iliyo wazi ya kukukatalia. Nenda siku 14, zote zikiwa katika majuma ya kazi, na ukiweza uende katika msimu mbaya wa mwaka, ule ambao wenyeji huulalamikia. Usilale chumba cha wageni cha ndugu mwenye nafasi. Panga chumba katika mtaa ambao mshahara wako wa kwanza utaumudu, kwa kuwa huo ndio mji utakaouishi. Ule wa utotoni huenda ulilipiwa na mshahara wa watu wawili waliokuwa na miaka 20 kazini.

Katika siku hizo 14, angalau siku tatu amka kama mwajiriwa, toka saa ya wote, uende mpaka eneo lenye ofisi, na urudi jioni. Andika dakika. Nunua mahitaji ya wiki nzima kwa hela yako na utunze hesabu. Kaa Jumatano moja, kuanzia saa kumi na moja jioni mpaka saa nne usiku, bila kumwarifu mtu yeyote kwamba upo. Hiyo Jumatano ndiyo itakayojirudia mara 52 kwa mwaka. Ikikuchosha sana usijifariji kwamba utazoea. Ikikutuliza, hilo ni jambo kubwa na liandike.

Kama umbali au nauli haikuruhusu kukaa wiki mbili, basi siku tano za kazi bila wikiendi zinafaa kuliko siku kumi za sikukuu.

Sasa fedha. Hapa ndipo watu wazima wenye shahada hushindwa hesabu ya darasa la sita. Tuseme matumizi yako ya mwezi mzima, kodi ikiwamo, ni 100. Kodi peke yake ni 30. Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi mitatu mbele na dhamana ya mwezi mmoja: 120 imetoka kabla hujalala usiku wa kwanza. Kujisafirisha pamoja na mizigo, 40. Kitanda, godoro, jiko, sufuria, ndoo, mapazia, taa, na vile vidogo visivyoisha, 80. Kisha ukae miezi minne bila mshahara. Mitatu ya kwanza kodi imeshalipwa, unahitaji 70 kila mwezi, yaani 210. Wa nne unahitaji 100 kamili. Jumla ya hiyo ni 310. Ukijumlisha vyote unapata 550. Weka na 50 ya kuondokea pakikushinda, ifike 600. Hiyo ni miezi sita ya matumizi, na hujafanya anasa hata moja.

Mwenye akiba ya 200 husema ana akiba ya miezi miwili. Hana. Akilipa 120 za nyumba na 40 za safari amebakiwa na 40, hajanunua hata godoro, na kula na nauli vinataka 70 kwa mwezi. Ile 40 inamfikisha siku ya 17. Siku ya 18 anaanza kukopa kwa watu walewale aliorudi kwa ajili yao, na hakuna kinachoharibu urejeo kwa haraka kuliko hicho. Hata mwenye kazi tayari asilegeze: mshahara wa kwanza ukija baada ya wiki sita, anahitaji 120, na 40, na 80, na 105 za kujikimu, jumla 345. Badilisheni namba zangu muweke zenu, hasa masharti ya kodi, ambayo hutofautiana mno kati ya mji na mji. Ulizeni wapangaji, msimuulize dalali.

Yapo na malipo yanayoamka chuo kinapolala. Mkopo wa masomo mara nyingi una kipindi cha kusubiri kabla ya marejesho kuanza. Tafuta tarehe yake, uiandike, uone itaangukia mwezi wa ngapi wa kuhama kwako. Bima ya afya ya chuo huisha. Anwani uliyoacha kwa mkopeshaji ikiwa ya bweni, barua za madeni zitakwenda bwenini.

Kuhusu kazi, kosa la kawaida ni kutafuta nafasi moja na, ikipatikana, kutangaza kwamba mji una kazi. Hesabu waajiri, usihesabu nafasi. Jiulize: nikifukuzwa au kampuni ikifungwa baada ya miezi minane, ni waajiri wangapi wengine, ndani ya safari ya saa moja, wanaoweza kunilipa kwa ujuzi huuhuu? Wakiwa watano au zaidi, nenda na amani. Wakiwa wawili, tambua kwamba mwajiri wako naye anajua ni wawili, na atakulipa hivyo. Akiwa mmoja, hujapata kazi katika mji. Mji umekupangisha kwa mtu mmoja.

Swali la pili ni nani atakufundisha. Miaka miwili ya mwanzo kazini ndiyo unayojifunza yale ambayo chuo hakikuyagusa, na unayajifunza kwa kukaa karibu na mtu mwenye miaka kumi kwenye fani. Kama huko unakokwenda utakuwa mhasibu pekee, mhandisi pekee, mtaalamu pekee wa maabara, utaheshimiwa mapema na utadumaa mapema. Wengine hulitatua hili kwa kuchelewesha: wanakaa mahali penye walimu miaka miwili au mitatu, halafu wanarudi wakiwa na kitu. Kuchelewa si kukataa, na hiyo ni njia ya tatu ambayo watu huisahau wanapogombana na nafsi zao kati ya ndiyo na hapana.

Wenye taaluma zinazosajiliwa, wauguzi, walimu, wanasheria, wafamasia, wahandisi, waulize mapema kama usajili wa huku unatambulika kule. Ukivuka mpaka wa nchi, na katika nchi za majimbo hata ukivuka jimbo, huenda ukatakiwa kuomba upya, kufanya mtihani, au kukaa chini ya usimamizi kwa muda. Hayo ni miezi, na miezi mmeshaiona bei yake.

Na wale mnaosema mtafanya kazi kwa intaneti mkiwa popote: someni mkataba. Tafuteni kifungu kinachotaja mahali pa kufanyia kazi na kama mshahara hubadilika ukihama. Ukivuka mpaka wa nchi, suala la kodi ya mapato linaingia. Nchi nyingi hutumia kipimo cha siku 183 kwa mwaka kuamua kama wewe ni mkazi wa kulipa kodi. Kisha upime mtandao ndani ya chumba utakachokaa, sio kwenye mgahawa wa mjini. Piga simu ya video ya saa moja, asubuhi saa tatu, mchana saa nane na usiku saa mbili, siku tatu tofauti. Mtandao unaokwenda vizuri saa tatu asubuhi huweza kuzimia saa mbili usiku wakati mtaa mzima umerudi nyumbani.

Kabla hujaondoka hapa, fanya jambo moja la bure. Mwaka 1973 mwanasosholojia Mark Granovetter aliandika juu ya nguvu ya mahusiano dhaifu. Katika watu aliowahoji waliopata kazi kwa kupitia mtu wanayemfahamu, wengi walimpata mtu ambaye walikuwa wakionana naye mara mojamoja au kwa nadra tu. Ndugu na rafiki wa damu wanajua yaleyale unayoyajua wewe. Mtu wa mbali kidogo anajua yaliyo nje ya duara lako. Sasa angalia kinachokutokea ukirudi: kule una ndugu na marafiki wa dhati, ila wale wa mbali kidogo, mwenzako wa maabara, msimamizi wa mafunzo kazini, mhitimu wa mwaka juzi, wote unawaacha huku. Andika majina 20 ya watu hao kabla hamjatawanyika. Waandikie kila mmoja mistari mitatu: naelekea wapi, natafuta nini, nitakusalimu tena lini. Wiki mbili baada ya mahafali ujumbe huo ni wa kawaida. Baada ya mwaka utaonekana unaomba.

Nije kwa wanaorudi nyumbani kwa wazazi, ambao kodi haiwahusu. Wazazi mliopo hapa mtanisamehe. Kukaa bila kodi huokoa fedha nyingi, na kwa aliye na deni huenda ndilo chaguo bora kuliko yote. Kinachoharibika ni kwamba hakuna anayesema lolote siku ya kwanza, kila mmoja akiona haya, na ndani ya mwezi mtu mwenye shahada amerudi kuwa wa miaka 16: anasubiriwa mlangoni, anatumwa dukani katikati ya usaili wa kazi, na yeye mwenyewe ameacha kuosha vyombo. Zungumzeni wiki ya kwanza, mkiwa mmekaa, na mhitimu ndiye aanze. "Baba, Mama, naomba kukaa hapa miezi sita, mpaka mwisho wa mwezi wa kumi na mbili. Nikianza kupata mshahara nitachangia kiasi hiki. Kwa sasa umeme nalipa mimi. Asubuhi mpaka saa saba nitakuwa natafuta kazi, naomba nisitumwe isipokuwa ni dharura. Usiku nikichelewa nitatoa taarifa, msinisubiri." Tarehe ya kuondoka ndiyo muhimu kuliko vyote. Inaweza kusogezwa, lakini isogezwe kwa mazungumzo. Kukaa kusiko na tarehe hugeuka manung'uniko ya pande zote mbili, na mara nyingi anayelaumiwa ni mji.

Kuna na wanaorudi kwa sababu ya mzazi mgonjwa au mdogo anayehitaji kusomeshwa. Hao ninawaheshimu, na ninawaomba wahesabu kuliko wote. Uliza kinachohitajika ni nini hasa: saa ngapi kwa wiki za kuwapo kimwili, safari ngapi za hospitali kwa mwezi, fedha kiasi gani, na nani mwingine yupo. Wakati mwingine jibu ni kwamba anatakiwa mtu wa kulala pale kila usiku, na hapo hakuna mjadala. Wakati mwingine kinachohitajika ni fedha ya msaidizi, na mtoto aliye kwenye mji wenye kazi, mwendo wa saa tatu, anasaidia zaidi kuliko mtoto aliyekaa sebuleni bila kipato. Na kumbukeni kwamba aliye karibu ndiye huitwa kwa kila kitu. Gawaneni majukumu na ndugu zenu kabla hujafika; ukishafika, kila mmoja atadhani yamekwisha.

Tuseme umeamua kurudi na mahesabu yamekubali. Mwaka 1955 Sverre Lysgaard alieleza jinsi hali ya moyo ya mgeni ugenini inavyoanza juu, ikashuka, kisha ikapanda. Mwaka 1963 John na Jeanne Gullahorn wakaongeza kwamba anayerejea nyumbani hupitia mteremko kama huo mara ya pili. Huu wa pili huuma kwa kuwa hakuna anayeutarajia. Ugenini ukichanganyikiwa, watu wanakuelewa. Nyumbani ukichanganyikiwa, wanasema unaringa. Wanaongea na yule aliyeondoka, wewe unaongea kama uliyefika leo. Kwa miezi mitatu ya mwanzo punguza kabisa sentensi zinazoanza na "kule nilikokuwa". Unaweza kuwa na haki katika kila mojawapo, na kila mojawapo itakugharimu.

Urafiki nao huanza karibu na sifuri. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2018, Jeffrey Hall alikadiria kwamba inachukua kama saa 50 pamoja ili mtu mnayefahamiana awe rafiki wa kawaida, kama 90 awe rafiki hasa, na zaidi ya 200 awe rafiki wa karibu. Mkikutana saa nne kwa wiki, 200 ni wiki 50. Mwaka mzima, katika mji unaojulikana kila kona. Ndiyo maana nashauri ujiunge na kitu kimoja chenye siku maalumu kila wiki, kwaya, timu, darasa, kikundi cha kujitolea, uanze wiki ya pili, kabla upweke haujakufundisha kukaa ndani. Kimoja kinatosha. Wanaojiunga na vinne huacha vyote.

Mwenye mchumba au mwenzi afanye karatasi mbili, si moja. Mji unaokupokea wewe kama mtoto wake utampokea yeye kama mgeni wa fulani, na huyo ndiye atakayelipa gharama kubwa zaidi ya uhamisho. Kama katika karatasi yake hakuna hata mstari mmoja wa M, na kazi yake haina waajiri watatu pale, msihame kwa sasa.

Nimesema sana upande wa hatari, na sitaki muondoke mkidhani kurudi ni ujinga. Mwaka 1962 Larry Sjaastad aliwahimiza wanauchumi wakutazame kuhama kama uwekezaji, na katika gharama alitaja hata maumivu ya moyo ya kuacha mahali na watu uliowazoea. Maumivu hayo ni gharama halali. Msione haya kuyaandika. Aliyekulia mahali ana mtaji usioonekana kwenye cheti: anajua fundi yupi ni mwaminifu, ofisi ipi huhudumia asubuhi tu, mtaa upi hujaa maji, lugha gani husemwa na nani. Anayetaka kuanzisha biashara yake, huo ni mtaji wa miaka, na mgeni atautafuta kwa hasara nyingi.

Kuamua kwenyewe kusichukue miezi. Mwaka 1772 Benjamin Franklin, mwanasayansi na mwanasiasa wa Marekani, alimwandikia rafiki yake Joseph Priestley njia anayoitumia: karatasi iliyogawanywa mara mbili, sababu za kukubali upande mmoja, za kukataa upande mwingine, akiongeza kwa siku tatu au nne, kisha anafuta zinazolingana uzito, hata moja kwa mbili, aone kinachobaki wapi. Fanyeni hivyo, ila wekeni kwanza vizuizi visivyofutika kwa chochote: akiba haifiki, usajili wa taaluma haujapatikana, afya inahitaji hospitali isiyokuwapo kule. Kizuizi kimoja kikisimama, uamuzi unasubiri, hata upande wa pili ukiwa na sababu 30. Kisha jiulize swali la kujinasa: kama leo ningepewa kazi nzuri katika mji mwingine, bado ningetaka kurudi? Ukijibu hapana, mji hauutamani. Umechoka kutafuta kazi, au umeachwa na mtu, na hayo yote utayabeba mpaka huko.

Ikibaki nusu kwa nusu, kuna jambo la kuwapa moyo. Mwanauchumi Steven Levitt, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, aliwapa watu waliokwama kwenye maamuzi nafasi ya kurusha sarafu mtandaoni, na sarafu zaidi ya 20,000 zilirushwa. Kwa maamuzi makubwa, ambao sarafu iliwaambia wabadilike walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kubadilika, na miezi sita baadaye waliripoti furaha zaidi. Hao walikuwa watu wa kujitolea waliokwisha kufikiria muda mrefu, kwa hiyo msiichukue kama ruhusa ya kukurupuka. Ila kwa aliyehesabu akakuta mizani imelala sawa, kwenda kuna nafuu kuliko kuendelea kukaa njia panda.

Ukienda, fuata mpangilio. Barua ya kazi iliyosainiwa kwanza, au akiba iliyofika. Kisha notisi kwa mwenye nyumba wa sasa. Kisha kodi ya kule, kwa mkataba wa miezi sita ukipatikana badala ya mwaka. Mizigo mikubwa iache kwa mtu mpaka mwezi wa tatu tangu ufike. Na kabla hujapanda gari, andika kwa mkono wako ni mambo gani matatu yakitokea kufikia mwezi wa kumi na mbili wa kukaa kule utaondoka: mathalani hakuna kazi ya fani yangu, akiba imeshuka chini ya 100, sina watu watatu ninaoweza kuwapigia usiku. Yaandike sasa ungali na akili tulivu, kwa sababu ukiwa katikati ya ule mteremko utataka kuondoka mwezi wa tatu, na ukiwa umeona haya utang'ang'ania mpaka mwaka wa nne. Mpe mtu mmoja asiye ndugu aishike hiyo karatasi na akuulize mwezi wa sita na wa kumi na mbili.

Tuna nusu saa ya maswali. Walio na barua ya kazi mkononi waanze, kwa kuwa wao wana tarehe ya kujibu. Wenye swali la mkopo wa masomo mnione pembeni na namba zenu, siwezi kuwajibu bila namba.